Nakhumicha Hakuangukia Nyumbani

Nakhumicha hajawahi kuomba kazi hata siku moja. Yeye huitwa. Januari huitwa na mwenye duka la yunifomu hapa Bungoma, wakati wazazi wanapigania sweta. Desemba huitwa na supamaketi kupanga unga na mafuta hadi Krismasi ipite. Na mwezi wa tatu, mvua ikianza kunukia tu, simu inatoka Kitale: Mzee Makokha amejaza duka lake mbolea na mbegu, wakulima wamepanga foleni, njoo haraka. Anafunga mkoba, anapeleka watoto kwa mama yake kule Matulo, anaenda. Ameishi hivyo miaka saba bila kuona karatasi yoyote yenye jina lake. Nilipokuwa nikimuuliza kwa nini haandikwi, alikuwa akinicheka. "Mama Naim, mutu wa kuandikwa ni yule hawamujui. Mimi wananijua."

Mama Naim ni mimi. Jina langu ni Suad, nina saiba ndogo karibu na msikiti, kompyuta tatu na printa moja yenye kiburi. Nachapa barua za watu, kwa hiyo naijua shida ya mtu kabla mchungaji wake au imamu wake hajaisikia. Nakhumicha na mimi tunapanga ploti moja ng'ambo ya saiba na milango yetu inatazamana. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona nilisimuliwa na yeye mwenyewe akiwa ameketi jikoni kwangu akinimalizia chai.

Dukani kwa Mzee Makokha hakukuwa na mtu wa kumfikia Nakhumicha. Mkulima akija kifua mbele kusema ana ekari tano, alikuwa akimtazama kidogo na kumuuliza kama amehesabu na zile za mama yake. Mkulima anacheka, anataja ekari mbili, anapewa mbolea inayomtosha, na mwaka unaofuata anarudi kumtafuta yeye. Wengine walitoka mbali, hadi Cheptais, na walipofika hawakuulizia duka la Makokha. Waliulizia duka la yule mama mrefu.

Sasa, huyu Mzee Makokha anatoka ukoo wa mama yake Nakhumicha. Ni mjomba wake. Kama hukukaa na Wabukusu, nikueleze kwamba mjomba si mtu wa kuchezea. Kijana akitahiriwa, kwa mjomba ndiko anakokwenda kupewa baraka, na mjomba akikununia, unaanza kuhesabu ni lini balaa litabisha hodi. Kwa hiyo Nakhumicha alipokuwa akibeba mifuko kule Kitale, kichwani mwake hakuwa anafanya kazi dukani. Alikuwa anamsaidia mjomba, na mjomba naye alikuwa anamsaidia yeye. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Ilikuwa Jumanne, mwaka jana, saa nne asubuhi. Stoo ilikuwa imejaa kupita kiasi, mifuko ya kilo hamsini imepangwa hadi karibu na mabati. Kibiwott, mwanamume mwenye watoto watatu ambaye pia huitwa kila msimu, alikuwa amesema tangu Jumamosi kwamba safu ya mlangoni imeinama. Aliambiwa wateja wakinunua itajinyoosha yenyewe. Nakhumicha akaingia kuchukua mbegu, akapita chini ya safu ile, na safu ikaja. Mfuko wa kwanza alimudu kuukwepa. Wa pili ulimkuta amenyoosha mkono wa kulia, ukaubana kwenye ukingo wa mizani ya chuma. Kibiwott ndiye aliyeiondoa mifuko mmoja mmoja na kumpandisha kwenye bodaboda kwenda hospitali.

Kule hospitali daktari akauliza swali wanalomuuliza kila mtu, kwamba ameumia wapi. Kibiwott akafungua mdomo kujibu. Nakhumicha akamkanyaga mguu.

"Nyumbani," akasema. "Nilikuwa nachota maji nikateleza, mukono ikaingia kwa geti."

Hakuna aliyemtuma kusema hivyo. Makokha mwenyewe hakuwepo, alikuwa dukani akiuza. Hili ndilo lililonichoma zaidi nilipolisikia, maana angekuwa ametumwa ningejua wa kumkasirikia. Lakini mwanamke huyu, mkono unavuja damu, alikaa akafikiria jina la mjomba. Aliona serikali ikija kufunga duka katikati ya msimu, wakulima wakirudi bila mbegu, na wenzake wanaoitwa wakirudishwa makwao. Akaona pia mwezi wa tatu wa mwaka mwingine, na simu isiyolia. Akameza ukweli pamoja na dawa ya maumivu.

Mzee Makokha alilipia matibabu ya siku ile, sikatai. Kisha akamrudisha Bungoma na nauli, jogoo mmoja, kilo mbili za sukari na ahadi ya maombi. Mama yake akamchinja jogoo, wakala, wakamshukuru Mungu. Kwetu pole ikishaliwa, watu wengi huhesabu kwamba jambo limekwisha.

Mkono haukuhesabu hivyo. Kidonda kilifunga, lakini kidole cha pete na kile kidogo vilijikunja vikalalia kiganja na vikakataa kuinuka. Nilikuwa nikimwona uani akijaribu kukamua nguo kwa mkono mmoja na kiwiko. Siku moja nilimkuta amepiga magoti mbele ya mtoto wake wa mwisho akifunga vifungo vya shati la shule kwa meno. Nikaingia ndani nikafunga mlango, kwa sababu kama ningebaki pale ningelia, na yeye hapendi kuliliwa.

Mwezi wa tano akaenda kwa daktari wa mifupa. Akaambiwa mshipa unaoinua vidole ulikatika na haukuunganishwa. Inahitajika operesheni, kisha mazoezi ya miezi, na isifanywe mwakani, ifanywe sasa. Ikichelewa sana, vidole vitabaki hivyo maisha yake yote. Basi akampigia mjomba. Mara ya kwanza mjomba akasema ataomba. Mara ya pili akasema amesikia hospitali iliandika kwamba ajali ilitokea nyumbani, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Akaongeza kwamba, isitoshe, yeye hana mfanyakazi anayeitwa Nakhumicha. Kuna mpwa wake tu, ambaye humwita wakati wa msimu ili amsaidie kupata kitu kidogo.

Nakhumicha alikuja saiba adhuhuri ile akaketi kwenye kiti cha wateja. Hakuwa analia. Alikuwa akitazama skrini iliyozimwa.

"Miaka saba, Mama Naim," akasema. "Ati mimi si mufanyakazi."

Nilimgombeza kwanza yeye, nakiri. Nilimwambia mficha uchi hazai, na kwamba alimficha mtu ambaye hata hakuomba kufichwa. Nilipomaliza kumgombeza yeye nikamgombeza Makokha, ambaye kwa bahati yake alikuwa Kitale. Kisha nikatafuta ile sheria ya fidia ya majeraha ya kazini, nikaichapa, na nikamsomea pale pale, wateja wengine wakisikiliza bila aibu. Sheria haiulizi kama wewe ni wa kudumu au wa msimu. Ukifanya kazi ya mtu kwa malipo na ukaumia ukiifanya, umelindwa, hata kama ndiyo siku yako ya kwanza. Matibabu ni juu ya mwajiri. Akipewa habari za ajali, ana siku saba za kuiarifu ofisi ya usalama kazini. Na aliyeumia ana mwaka mmoja wa kudai haki yake, usizidi. Sisi tulikuwa tumetumia miezi miwili tu.

Alisikiliza yote hayo, kisha akaniuliza swali moja: na ule uongo wake? Nikamwambia tutakwenda Kitale kuuliza.

Ofisi tuliyoelekezwa ilikuwa na meza mbili na afisa mmoja, mama wa makamo anayeitwa Jelagat, mwenye miwani na sauti ya chini. Alichukua karatasi za hospitali na kuanza kusoma. Nilijua atafika kwenye neno "nyumbani," nikaanza kutazama mlango kama mimi ndiye mwizi. Lakini Nakhumicha hakungoja afike.

"Madam, hapo imeandikwa nilianguka nyumbani," akasema. "Hiyo si kosa ya daktari. Nilisema uongo. Niliumia kwa duka ya Makokha, nikificha jina ya mujomba wangu."

Jelagat akavua miwani akamtazama, akaivaa tena na kuendelea kusoma hadi mwisho wa ukurasa. Akageuza karatasi kutuonyesha. Chini, kwa mwandiko mwingine, aliyesafisha kidonda alikuwa ameandika kwamba ndani yake alitoa chembe za mbolea na rangi nyekundu ya dawa ya mbegu.

"Mama," Jelagat akasema, "kwenu geti hupakwa dawa ya mahindi?"

Nilicheka kuliko ilivyofaa. Nakhumicha naye akatabasamu, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Jelagat alitueleza kwamba uongo ulioambiwa hospitali haubadilishi mahali mtu alipoumia. Unafanya tu kazi ya kuthibitisha iwe ngumu. Mwandiko ule ulikuwa mwanzo mzuri, lakini alitaka mtu aliyeona mifuko ikianguka. Na mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Tulimkuta Kibiwott kwenye kibanda nyuma ya soko akila ugali na sukuma wiki. Wakati huo alikuwa bado anafanya kazi dukani, maana mbolea ya kukuzia ilikuwa inauzwa. Alifurahi kutuona hadi tulipomwambia shida yetu. Akasema ukweli wake bila kuzunguka, kwamba akiandika ushahidi mwaka ujao hataitwa, na ana watoto watatu. Mimi nilikuwa nimeshajaza kifua pumzi nimshukie. Nakhumicha akanigusa bega ninyamaze, akaweka mkono wake mezani kando ya sahani, vidole viwili vimekunjwa.

"Kibiwott, ile safu ilikuwa imeinama upande yako pia," akamwambia.

Hakuomba. Kibiwott aliutazama mkono ule, akamaliza ugali wake polepole, akanawa, akasimama akauliza ofisi iko wapi. Siku hizi watu wakisema wanaume wa kweli wamekwisha, mimi humkumbuka yule bwana akinawa mikono.

Wiki mbili baadaye Mzee Makokha akaitwa ofisini. Ndiyo, naye aliitwa, na nakiri nililifurahia hilo neno. Alikuja na koti lake la kanisani na kofia mkononi, akatuamkia wote vizuri, akaketi. Nilikuwa nimejiandaa kuona jitu. Nilimwona mzee aliyechoka, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Hakukana kwamba mifuko ilianguka. Alisema duka halina bima, kwamba hakujua watu wa msimu wanahesabiwa, na kwamba aliogopa. Kisha akamgeukia Nakhumicha na kusema naye kana kwamba sisi wengine tumetoka nje.

Alimwambia fomu hizi ni za watu wasiojuana. Yeye ni mjomba, atampeleka mwenyewe kwa operesheni, na kila mwaka atamwita wa kwanza. Aliomba jambo moja tu, kwamba ile ripoti tuliyopeleka iondolewe.

"Mupwa wangu," akasema, na kwa mzee huyu l na r huishi nyumba moja, "mambo ya nyumbani tumarize nyumbani."

Hapo niliogopa kweli. Kwa sababu ilikuwa ahadi nzuri, na nadhani alikuwa anaimaanisha. Operesheni angepata. Simu ya mwezi wa tatu angepata. Baraka za mjomba angezibakiza. Alichotakiwa kufanya ni kusema ndiyo, na mkono wake ungenyooka vile vile. Nilimtazama nikajua anaipima. Jelagat naye aliweka kalamu chini akangoja. Sheria haiwezi kumjibia mtu swali kama hilo.

Nakhumicha alisimama. Akampa mjomba mkono wa kushoto, maana wa kulia haukuwa wa kupeana, na akainama kidogo kama anavyoinama mpwa. Halafu akaketi tena.

"Mujomba, kwa nyumba wewe ni mujomba, na hiyo heshima sitaiondoa," akasema. "Lakini kwa duka wewe ni mwajiri. Hospitali nilichanganya hizo mbili, ndiyo nikasema uongo. Wewe unaweza nisaidia kwa sababu mama yangu ni dada yako. Sasa Kibiwott akiangukiwa kesho, yeye ni wa dada gani?"

Nje kulikuwa na mtu anajaribu kuwasha pikipiki isiyotaka kuwaka. Makokha alizungusha kofia yake, akaizungusha tena. Mimi nilitaka kumpigia Nakhumicha makofi, nikajizuia nikakalia mikono yangu. Mwishowe mzee akauliza, bila kumtazama yeyote, atie sahihi wapi.

Jelagat akamwonyesha. Alijaza sehemu ya mwajiri mwenyewe, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma zamani, na palipoulizwa mahali pa ajali akaandika: stoo ya duka langu, Kitale. Aliandika "langu" na sikuona akisita.

Operesheni ilifanywa mwezi wa saba na duka likalipia, pamoja na zile wiki zote ambazo hakuweza kufanya kazi. Mazoezi ndiyo yaliyokuwa vita. Kila asubuhi nilimsikia ng'ambo ya ua akifinya sponji ya vyombo na kuitukana kwa Kibukusu, matusi ambayo baada ya mwezi hata mimi nilikuwa nimeyahifadhi. Kidole cha pete kikainuka mwezi wa tisa. Kile kidogo kimebaki na ukaidi kidogo kwenye kiungo cha mwisho, na daktari aliyempima akaandika hivyo kwenye fomu, na hilo nalo likafidiwa kwa kiwango chake. Desemba alikwenda supamaketi kama kawaida. Kabla hajagusa katoni alitaka aandikwe jina, tarehe na kazi. Meneja akamuuliza ni nani aliyemfundisha mambo hayo, akamjibu ni mbolea.

Lakini kuna jambo hatukulitaja kati yetu, na sote wawili tulilijua. Februari ilikuwa inaisha. Mvua ilikuwa imeanza kunukia. Simu kutoka Kitale haikulia. Nakhumicha alikuwa akiitazama bila kutaka nione, na mimi nilikuwa nikimwona bila kutaka ajue. Kazi ile aliipenda. Nani mwingine angempenda mkulima wa ekari tano za uongo kama alivyompenda yeye?

Ijumaa ya mwisho ya mwezi, saa tisa, mlango wa saiba ukajaa koti la kanisani. Mzee Makokha alikuwa amekuja Bungoma kwa mazishi na akaniletea kazi: karatasi ya daftari yenye majina ya watu wa msimu. Alitaka nimchapie kila mmoja barua ya kuajiriwa, yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, na kila barua iseme kwamba aliyeajiriwa ana bima akiumia. Bima alikuwa ameshakata, na alinionyesha cheti chake bila kuombwa. Majina yalikuwa kumi na moja. La kwanza lilikuwa la Kibiwott. Niliyasoma yote hadi chini, nikarudi juu nikayasoma tena, la Nakhumicha sikuliona.

Sikumuuliza. Nilitoka nje nikaita ng'ambo, na kwa sauti yangu mtaa mzima ungeweza kuja. Nakhumicha akaja akipangusa mikono kwenye leso, akamwona, akamwamkia kwa heshima zote. Kisha akachukua ile karatasi mezani na kuisoma. Alipofika mwisho akairudisha mezani.

Mzee akaanza kujieleza. Alisema hakumsahau. Alisema alishika simu mara nyingi akaiweka chini, kwa sababu aliona haya, na pia kwa sababu alifikiri mtu aliyemfikisha mwajiri wake ofisini hawezi kutaka kumfanyia kazi tena.

"Mujomba," Nakhumicha akasema, "nilikufikisha pale kwa sababu mimi ni mufanyakazi yako."

Mzee Makokha akaketi kwenye kiti cha wateja. Alinyoosha mkono akaomba kalamu, nikampa, naye akamkabidhi mpwa wake. Nakhumicha aliandika jina lake chini ya yale kumi na moja kwa mkono wa kulia, polepole, herufi zikiwa zimelala kidogo upande mmoja. Nikawasha printa.